Likizo ya Agosti bila safari

Swali: Tunaishi Mombasa, watoto wako likizo na nauli ya kwenda mbali hatuna. Tutembelee wapi?

Jibu: Anzeni na Ngome ya Yesu. Wenyeji wengi huipita kila siku bila kuingia! Wareno walianza kuijenga mwaka 1593; Waomani wakaiteka mwaka 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Baadaye Waingereza waliigeuza jela hadi 1958. Waonyesheni watoto michoro ya merikebu iliyochorwa ukutani na mabaharia wa Kireno; kwao itanoga kuliko tarehe zote hizo. Kisha tembeeni Mji wa Kale, mtazame milango ya nakshi. Nendeni asubuhi, jua halijakolea, na mbebe vitambulisho: raia hulipa kiingilio nafuu kuliko wageni.