Kabla Katapila Halijaingia: Vidokezo vya Kuokoa Miti ya Bustani

Nyumba za zamani za Upanga na Mikocheni, Dar es Salaam, zinabomolewa kila uchao kupisha maghorofa. Bustani nazo huondoka: mikomamanga, milimau, asumini iliyotanda ukutani. Mingi huishia kwenye lori la kifusi, ilhali ingestawi uwanjani kwako Chanika au Kigamboni.

1. Bisha hodi mapema. Usingoje kiwanja kizungushiwe mabati. "Shikamoo mama, huu mkomamanga mnauondoa?" Wenye nyumba wengi hufurahi kusikia mti wao umepata pa kwenda. Patana na mwenye mali mwenyewe. Ruhusa ya mlinzi haitoshi.

2. Chagua bila huruma. Mkomamanga, mndimu, mlimau, mwaridi na asumini huhama vizuri vikiwa bado vichanga, shina likiwa halijazidi unene wa kifundo cha mkono. Mpapai uache: mizizi yake haivumilii kuguswa, na mbegu zake hazikuweki muda mrefu kabla ya kuzaa. Mwembe mkubwa umeshazamisha mzizi mkuu chini kabisa, beba kokwa. Mwarobaini hujiotea wenyewe, hivyo okota miche iliyo chini yake. Mti mkubwa ni mgumu kuhamisha hata kwa mitambo, na pengine heri uachwe ulipo. Mwaka 2020 jijini Nairobi ulikuwapo mpango wa kuuhamisha mkuyu mkongwe wa Waiyaki Way ili kupisha barabara ya juu. Watu wakapaza sauti, na mti ukaachwa palepale ulipo. Kwangu mimi, huo ndio uokoaji bora kuliko wote.

3. Kinachoota kwa kijiti usikichimbe. Frangipani ndiyo rahisi kuliko yote: kata tawi la urefu wa mkono, liache kivulini wiki nzima mpaka jeraha likauke, kisha lichomeke ardhini. Utomvu wake mweupe usikuingie machoni. Bogonvilia pia chukua vijiti, kwa kuwa mizizi yake ni dhaifu na udongo humwagika wote ukiinyanyua.

4. Anza kukata mizizi mwezi mmoja kabla. Hapa ndipo mti unapopona au kufa, kwa hiyo usiharakishe. Vimizizi vinavyonyonya maji viko mbali na shina, huko kwenye ncha. Ukichimba na kung'oa siku hiyohiyo, unaviacha vyote nyuma. Pima kwanza: shina la sentimita 5 linahitaji donge la udongo lenye upana wa sentimita 50 hadi 60. Chimba mtaro mwembamba nusu ya duara, kata mizizi kwa panga kali (iliyochanikachanika huoza), rudishia udongo, mwagilia. Baada ya wiki mbili fanya upande wa pili. Vimizizi vipya vitachipua ndani ya donge lenyewe.

Mkesha wa kuhama, lowesha udongo vizuri, maana mchanga wa Pwani ukiwa mkavu hubomoka wote. Kata chini ya donge kwa beleshi, penyeza gunia la katani, lifunge kwa kamba mpaka libane. Nyanyueni kwa kushika gunia. Mkivuta shina, udongo utabaki shimoni na mizizi mitupu mkononi. Donge la ukubwa huo linaweza kufika kilo 100 na ushee, basi tafuta vijana wawili watatu na kirikuu, tena shimo la kule uendako liwe limeshachimbwa.

5. Subiri mvua. Mwanzo wa masika, Machi, ndio wakati mzuri. Vuli nayo inafaa. Panda jioni, jua likiwa limepoa.

6. Punguza majani. Mizizi iliyokatwa haiwezi kunywesha matawi yote. Mndimu na mlimau punguza theluthi moja hivi ya matawi, kisha paka shina chokaa ili jua lisiliunguze.

7. Shimo liwe pana, lisiwe la kina. Mti ukae usawa uleule uliokaa zamani. Ukifukia shina, linaoza. Kama mti ulibebeshwa, kovu la kubebeshea libaki juu ya ardhi. Samadi mbichi na mbolea ya chumvichumvi ziweke kando mpaka uone machipukizi.

8. Mwagilia kwa kushiba. Ndoo moja ya lita 20 iliyomwagwa polepole kila baada ya siku mbili tatu inafaa kuliko kikombe cha kila siku, kwa sababu maji hushuka hadi mizizi ilipo. Tandaza nyasi kavu, lakini ziache mbali na shina, maana mchwa hupenda sana mti ulio dhaifu.

9. Usiutupe haraka. Majani yote yanaweza kupukutika katika wiki za mwanzo. Kwaruza gome kwa ukucha: ukikuta kijani chenye unyevu, mti ungali hai. Endelea kumwagilia, na usishike jembe la kuung'oa mpaka msimu mwingine wa mvua upite.