Somo la Afya na Kilimo: Sumukuvu na Mabadiliko ya DNA

Karibu kila seli ya mwili hubeba DNA, yaani maandishi ya urithi yanayoielekeza seli kazi zake. Maandishi hayo yana herufi nne tu, ziitwazo besi: adenini, ambayo huungana na timini, na guanini, ambayo huungana na sitosini. Besi ikibadilika na kubaki hivyo, hayo ndiyo mabadiliko ya DNA. Hutokea kwa njia mbili.

Kwanza, yapo yanayojitokea yenyewe. Seli inapojigawa hunakili jozi takriban bilioni 3 za besi katika kila seti ya kromosomu, na mara chache hukosea. Aidha, maji yaliyomo ndani ya seli huweza kuigeuza sitosini kuwa urasili, ambayo huungana na adenini badala ya guanini. Vimeng'enya hurekebisha makosa mengi. Yanayosalia hurithiwa na seli zinazofuata. Hakuna awezaye kuyazuia yote.

Pili, yapo yanayosababishwa na vitu vya nje, kama vile mionzi ya jua, eksirei, moshi wa tumbaku na sumukuvu aina ya aflatoksini. Sumu hii hutolewa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Ini linapoichakata, huigeuza kuwa kemikali inayojishikiza kwenye guanini. Wakati wa kunakili, besi hiyo husomwa vibaya, na mahali pake huingia timini. Kosa hilo likiangukia jeni ya TP53, ambayo huzuia seli kujigawa ovyo, saratani ya ini huweza kuanza. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini B.

Mabadiliko haya ya pili ndiyo yanayoweza kupunguzwa. Kupika hakuondoi sumukuvu yote, hivyo kinga huanzia shambani. Wakulima wanashauriwa kuanika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, na kuyahifadhi yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Punje zilizoota kuvu zitengwe na kuteketezwa. Wasilishwe ng'ombe, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa. Wazazi nao wahakikishe watoto wanakamilisha chanjo, ikiwemo ya homa ya ini B. Kwa ushauri wa ukaushaji na uhifadhi, wananchi wawaone maafisa ugani wa kata zao.