Fimbo ya muhogo ni mama yake mwenyewe: chagua mbegu mbele ya kuvuna



Hapa Bangboka kuna swali linalorudi kila tunapotembelea mashamba: «Agronomi, pori nilikata mpya, udongo iko muzuri. Juu ya nini majani ya mihogo inajikunja?» Mara nyingi jibu haliko kwenye udongo. Liko kwenye fimbo tuliyopanda.

Mimea inazaa namna mbili

Mahindi yanazaa kwa dume na jike: unga wa maua ya juu unaangukia nywele za kibuzi, punje inafanyika. Mtoto anachukua kwa baba na kwa mama.

Namna ya pili haitaki dume wala jike. Kipande cha mmea kinaota na kuwa mmea mzima. Ni vile tunapanda mihogo, makemba, viazi vitamu na mananasi. Kila jicho kwenye fimbo ya muhogo linabeba kila kitu cha mama: kama alikuwa mtamu, mtoto atakuwa mtamu, kama alikuwa mchungu, ni vilevile. Si mtoto tu, ni mama yuleyule amesimama mahali pengine.

Hiyo ni faida kubwa: aina nzuri haipotei. Lakini ugonjwa nao unasafiri humo. Virusi vya mozaiki vinakaa ndani ya maji ya mti. Ukikata fimbo ya mti mgonjwa, umepanda ugonjwa siku ile ile, hata kama udongo ni wa pori jipya. Kisha inzi weupe wadogo wanaupeleka kwa jirani.

Makemba pia

Umeona kemba ambalo majani yake ni membamba, yamesimama na kubanana juu kama ufagio, na halizai? Ni ugonjwa wa virusi; Yangambi ulionekana tangu 1958. Watoto wote wa shina hilo wanatoka kwenye kiazi kimoja chini ya udongo. Hata yule anayeonekana mzima, usimhamishe. Nyunyizia shina maji ya sabuni ili vidudu vyeusi vinavyobeba ugonjwa visikimbilie makemba mengine, kisha chimba kiazi chote na kukikatakata.

Tufanye nini?

1. Tembea shambani mbele ya kuvuna, majani yakingali juu. Mti usio na majani hauwezi kukuambia kama uligonjwa.
2. Funga kamba kwenye miti yenye majani mapana, ya kijani, yasiyo na madoa ya manjano wala kujikunja.
3. Siku ya kung'oa, pasua mizizi ya miti hiyo. Ukikuta kuoza kwa rangi ya kahawia, kavu kama gome, acha fimbo zake. Ugonjwa huo unaweza kujificha kwenye majani.
4. Chukua fimbo za miezi 8 hadi 12. Tupa ncha laini na sehemu ngumu ya chini. Kata vipande vya sentimita 20 hadi 30, vyenye macho 5 hadi 7.
5. Baada ya kupanda, pita kila wiki kwa miezi miwili ya kwanza. Mti ukionyesha mozaiki, ng'oa. Usiuhurumie.

Kazi ya koperative

Hektari moja, mti kwa mti mita moja, inataka vipande 10.000. Ndiyo maana mtu anakubali fimbo yoyote anayopewa. Dawa ni shamba la mbegu la wote. Mita 10 kwa 10 zinabeba miti 100. Kila mti ukitoa vipande 6 vizuri, mko na 600; mkivipanda vyote, msimu unaofuata ni 3.600.

Mbele ya mkutano ujao, kila mmoja afunge kamba kwenye miti 10 tu ya shamba lake. Tutaipitia pamoja, na ile itakayobaki ndiyo mwanzo wa shamba letu la mbegu.