Deni la muda mrefu linaanza kulipwa mwezi huu

Kabla sijaanza kuuza viatu mtandaoni, nilikuwa nashika vitabu vya kampuni ndogo ya dhahabu kule Geita. Tulikopa milioni 120 kununua karasha, kulipa kwa miaka 5. Bosi akawa anasema, "Hilo ni deni la muda mrefu, bado sana."

Hapo ndipo tulipokosea. Kila mwaka tulitakiwa kurudisha milioni 24, riba mbali. Kwa hiyo kwenye hesabu, milioni 24 ya miezi 12 ijayo ni deni la muda mfupi. La muda mrefu ni milioni 96 tu.

Mvua ikaja, maduara yakajaa maji, karasha ikakaa miezi 2 bila mawe. Rejesho la milioni 2 na riba yake halikusubiri. Tukauza gari la kazi ili tulipe.

Sasa muuzaji mwenzangu, kabla hujasaini mkopo:

1. Andika utakacholipa ndani ya miezi 12, kisha kinachobaki. Usivichanganye.

2. Pima rejesho kwa faida ya mwezi wako mbovu kuliko yote, siyo ya Desemba.

3. Mashine ya miaka 5 inaweza kubeba mkopo wa miaka 5. Mzigo unaoisha ndani ya miezi 2 usiukopee kwa miaka 2. Nguo zitakuwa zimeshauzwa, hela imeshaliwa, deni bado lipo.

Rejesho lako la mwezi ni shilingi ngapi? Liandike leo, ukurasa wa kwanza wa daftari.