Kutambua Chombo cha Kale cha Maziwa Isiolo

Anayekusanya vikombe vya kale vya fedha vya Uingereza hukipindua chombo kwanza, akitafuta alama ya simba, ithibati kwamba fedha halisi ni angalau asilimia 92.5. Huku Isiolo, Kenya, hakuna muhuri. Vyombo vya thamani hapa ni vya maziwa, na kipimo chake cha kwanza ni pua.

Fungua kifuniko unuse. Wafugaji hufukiza vyombo kwa vijinga vya miti maalumu, maziwa yakae bila kuharibika upesi na yapate ladha. Chombo kilichofanya kazi miaka mingi hubaki na harufu ya moshi na samli. Kisha ingiza kidole. Weusi wa kweli umeshikamana na ukuta, laini, wenye mafuta. Ukikuachia vumbi la mkaa kidoleni, na nje pia kumepakwa masizi, hicho kimetengenezewa watalii.

Sasa tazama kilivyoundwa. Gorfa ya Waborana husukwa kwa nyuzi za mimea, zikakazwa hadi zisivuje, na humo maziwa huganda yakawa ititu. Dhiil ya Wasomali nayo ni ya kusukwa. Waturkana na Wasamburu huchonga zaidi mti, wakaufunga kwa ngozi. Lakini usikimbilie kutaja kabila: ndoa na soko huhamisha vyombo.

Kazi yake isome mdomoni. Mdomo mpana ni wa kukamulia. Mwembamba ni wa kuhifadhi au kusafiria. Kifuniko kirefu mara nyingi ndicho kikombe chenyewe cha kunywea, kwa hiyo chombo kisicho na kifuniko kimepoteza nusu yake. Kiraka cha ngozi au mshono wa zamani usikutishe. Mimi huuona bora kuliko chombo kizima kisicho na kovu. Muulize mama anayeuza kilitumika kukamulia mnyama gani, na kamba zilifungwa wapi. Aliyekitumia hujibu bila kufikiri.

Okole, ndoo ya kutekea maji visimani, iache ikiwa ni ya ngozi ya twiga: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kumiliki kiungo cha mnyamapori bila kibali.

Ukishanunua, usikioshe kwa sabuni. Na ukiambiwa kina miaka mia mbili, usiilipie miaka hiyo: mchwa na fukusi wa huku hawaachi mti wala nyuzi zikae hivyo.