Waranti Imeisha, Injini Imekufa: Nani Analipa?

Gari likizimika Thika Road saa moja jioni, mshale wa joto ukiwa umegonga juu na moshi mweupe unatoka nyuma, swali la kwanza huwa ni fundi yupi apigiwe. Swali lenyewe linalouma huja kesho yake gereji: hii pesa itatoka wapi?

Wengi wetu hukimbilia kusema bima. Tulimalize hilo haraka. Bima kubwa hulipia ajali, wizi na moto. Injini iliyochakaa au kuharibika yenyewe haimo, na imeandikwa wazi kwenye ile sehemu ya mkataba inayotaja mambo yasiyolipwa, sehemu ambayo karibu kila mtu huiruka akitia sahihi.

Basi inabaki waranti. Ukinunua gari jipya kabisa hapa Kenya, unapewa waranti ya miaka fulani au kilomita fulani, lolote litakalotangulia, kwa masharti kwamba sevisi zifanywe inavyotakiwa na rekodi ziwepo. Lakini tuseme ukweli: wangapi kati yetu tunanunua gari jipya? Mengi ya magari unayoyaona Ngong Road yalikuja kwa meli hadi Mombasa yakiwa yameshatembea Japani.

Piga hesabu. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari ambalo halijazidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Huko Japani, waranti ya gari jipya kwa kawaida ni miaka 3 au kilomita 60,000 kwa sehemu nyingi, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa injini na giaboksi. Na si ajabu Wajapani huuza mapema. Ukaguzi wa lazima wa kule huanza gari likiwa na miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ni gharama, kwa hivyo mwenye gari huona heri aliuze kabla ya ukaguzi unaofuata. Gari la miaka 7 likishuka bandarini, waranti yake ilishakufa miaka 2 iliyopita. Hata kama ingekuwa hai, haikutungwa kukufuata hadi Kayole.

Kwa maneno mengine, mwenye waranti ni wewe. Kampuni ni wewe, mfuko ni wako.

Ni vizuri kuelewa jinsi injini hufa, kwa sababu mara nyingi haifi kwa siku moja. Chukua mfano wa gari kuchemsha. Hozi ya rejeta inapasuka kidogo, au pampu ya maji inaanza kuvuja. Maji yanapungua polepole. Unaongeza ya mfereji, unaendelea na safari. Maji ya mfereji hayana dawa ya kuzuia kutu, kwa hivyo ndani ya rejeta kutu inaanza kujenga nyumba. Siku moja kwenye jam joto linapanda. Hedi ya injini nyingi za siku hizi ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto kupita kiasi hupinda. Gasketi iliyo kati ya hedi na bloku inaungua. Maji yanaingia kwenye oili, na ukifungua kifuniko unakuta kitu kama chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo hailainishi tena. Beringi zinaliwa, na hapo ndipo fundi anakwambia, "Boss, hii injini imeisha."

Angalia bei ilivyokuwa ikipanda njiani. Mwanzoni ilikuwa hozi. Baadaye ikawa gasketi na kunyoosha hedi kwa mashine. Mwisho ni injini nzima kutoka Kirinyaga Road, nayo pia imetumika na hujui ilitunzwaje. Kwa maoni yetu, kilomita ghali kuliko zote ambazo dereva wa Kenya huendesha ni zile tano za mwisho anaposema "wacha nifike tu nyumbani." Mshale ukipanda, egesha, zima injini, na usifungue rejeta ikiwa bado moto. Kuvutwa na breakdown kunauma, lakini ni kidogo ukilinganisha na injini.

Sasa pesa. Kuweka akiba ya gari mwisho wa mwezi huwa hakufanyi kazi, maana mwisho wa mwezi hakuna kinachobaki. Njia tunayoipenda ni kuifunga akiba kwenye mafuta. Tayari unalipa petroli kwa simu, na kadiri unavyoendesha ndivyo injini inavyochakaa, kwa hivyo mafuta ni kipimo kizuri kuliko tarehe. Kila ukilipa pampu, tuma asilimia 20 ya kiasi hicho kwenye akiba iliyofungwa, uipe jina INJINI ili usijidanganye kwamba ni ya Krismasi. Ukiweka mafuta ya Sh15,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh3,000. Mwaka unapoisha una Sh36,000. Miaka 3, Sh108,000. Huenda haitoshi injini ya gari kubwa, lakini inatosha kukuondoa kwenye kona ya kukopa kwa hofu. Sevisi ya kawaida usiitoe humu. Hiyo ni gharama ya mwezi kama kodi ya nyumba.

Na kukopa je? Inategemea gari linafanya nini. Kama ni teksi au Probox inayosambaza mikate, kila siku ikiwa imelala gereji unapoteza mapato, na mkopo unaoweza kuulipa kwa kazi yake una maana. Kama gari ni la kwenda kazini na kanisani, tungekushauri upande matatu miezi miwili. Mkopo wa kuweka gari lenyewe rehani kwa ajili ya injini tunauogopa kabisa: ukishindwa kulipa, unakuwa umemtengenezea mwingine gari.

Wakati wa kumlipa fundi ndipo wengi hupoteza mara ya pili. Kuna kitu watu wengi hawakijui: Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Una haki ya kupewa makadirio ya gharama kabla ya kazi kuanza, bili isizidi makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10, na ukitaka, urudishiwe vipuri vilivyotolewa. Sasa jiulize utathibitishaje makadirio uliyopewa kwa mdomo chini ya mwembe. Mwambie fundi akuandikie kwa ujumbe wa simu, hata kama ni mistari mitatu. Kipuri lipa wewe mwenyewe moja kwa moja kwa till ya duka, ukiangalia jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Hela ya kazi mtumie fundi kando, nusu mwanzo na nusu gari likishajaribiwa barabarani likiwa limepata joto. Fundi mzuri hatakasirika. Anayesisitiza "nitumie yote kwa namba ya cousin yangu" amekujibu tayari.

Ukibadilisha injini nzima, namba yake haitalingana tena na iliyo kwenye hati ya umiliki. Chukua risiti ya duka yenye namba ya injini mpya na uombe mabadiliko NTSA kupitia eCitizen mapema, usingoje siku mnunuzi atakapofungua boneti.

Zile SMS za malipo usizifute. Zikipotea, taarifa ya akaunti yako bado inaonyesha tarehe, kiasi na jina la aliyelipwa. Iombe kwenye programu yetu, chagua miezi unayotaka, kisha ihifadhi pamoja na picha ya kilomita zilizo kwenye dashibodi siku hiyo ya sevisi.