Vitabu Vilivyotumika na Masalia ya Maonyesho: Ukusanyaji Kama Mbinu ya Utafiti katika Pwani ya Tanga

1.0 Utangulizi

Historia ya fasihi ya Kiswahili imeandikwa kwa kiasi kikubwa kutokana na matini zilizochapishwa. Kwa upande wa riwaya utaratibu huo una kasoro ndogo, kwani riwaya huanza na kukoma katika kurasa zake. Kwa upande wa sanaa za maonyesho kasoro ni kubwa. Tamthilia iliyopigwa chapa ni sehemu tu ya onyesho. Waigizaji walikuwa nani, kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, sehemu zipi zilirukwa na ukumbi ulikuwa wa aina gani ni mambo ambayo kwa kawaida hayamo kitabuni. Yamo katika vitu ambavyo watu huvitupa: bango, tiketi, ratiba ya onyesho, picha, kanda, daftari la mazoezi, na nakala ya kitabu iliyokwisha pita mikononi mwa watu kadhaa.

Makala haya yanajadili ukusanyaji wa vitu hivyo. Hoja yake kuu ni kwamba thamani ya kitu kilichotumika, machoni pa mtafiti, haitokani na uzee wala uadimu wake. Inatokana na nasaba yake, yaani habari za nani alikuwa nacho, alikitumia wapi na kwa kazi gani. Kitu kilichoondolewa bila nasaba hubaki kuwa pambo la rafuni. Mifano imechukuliwa hasa katika pwani ya Tanga, na sehemu ya mwisho ya mjadala inaihusisha hoja hiyo na Maramba.

2.0 Dhana na Mipaka Yake

Ni vema kutofautisha kitabu kikuukuu na kitabu kilichotumika. Kitabu kikuukuu ni kile ambacho umri wake umepita. Huenda hakikufunuliwa hata mara moja. Kitabu kilichotumika kina alama za matumizi: jina la mwanafunzi, muhuri wa shule, bei iliyofutwa na kuandikwa upya, mistari iliyopigwa chini ya maneno, na maelezo ya pambizoni. Mchuuzi anayetandika vitabu barabarani huziona alama hizo kuwa dosari zinazopunguza bei. Kwa mtafiti, hizo ndizo sababu ya kukinunua.

Masalia ya maonyesho, nayo, ni vitu vyote vinavyobaki pazia likishafungwa: maleba, ala, matangazo, barua za mwaliko, miswada na santuri. Vitu hivi havikutengenezwa ili vidumu. Bango hutengenezwa kwa ajili ya usiku mmoja. Ndiyo maana maktaba, ambazo kisheria hupokea nakala za machapisho, mara nyingi hazina mabango. Sheria hulenga kitabu na gazeti. Haimfuati mtu anayebandika tangazo la mchezo kwenye ukuta wa sokoni.

3.0 Tanga Kama Ghala la Maandishi

Pwani ya Tanga ina historia ndefu ya maandishi yaliyohifadhiwa na watu binafsi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliutunga utenzi wake juu ya vita vya Wadachi mwishoni mwa karne ya 19; ulichapishwa mwaka 1955 ukiwa umehaririwa na kufasiriwa na J.W.T. Allen. Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ilianza kupigwa chapa mwaka 1895 katika misheni ya Magila, Muheza, kabla ya kutolewa upya mwaka 1962. Allen huyohuyo ndiye aliyetayarisha orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyochapishwa mwaka 1970. Orodha hiyo inaonyesha jinsi miswada ya pwani ilivyotegemea ukoo: baba alimwachia mwana, na mwana akamwachia mjukuu, hadi mkusanyaji alipobisha hodi.

Mfano ulio karibu zaidi na zama zetu ni wa barua za Shaaban Robert. Mwandishi huyo, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji wa Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi. Barua za kati ya 1931 na 1958 zilitunzwa, zikaja kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Barua hizo zinamwonyesha mwandishi akiwa mtumishi, ndugu na mtu anayehangaika na mambo ya kila siku. Hakuna uhakiki wa Kusadikika au Kufikirika, hata uwe makini kiasi gani, ambao ungeweza kuyazua hayo kutokana na matini peke yake. Yamepatikana kwa sababu mtu mmoja hakuzitupa karatasi.

Hata hivyo, ukusanyaji wa awali ulikuwa na upendeleo. Wakusanyaji walitafuta tenzi, nyaraka na tarihi. Hawakutafuta ratiba ya mchezo wa shule wala tiketi ya usiku wa taarab. Hivyo, kwa Tanga ya karne ya 19 mtafiti ana miswada ya kutosha kuanzia kazi, ilhali kwa majukwaa ya Tanga ya miaka ya 1960 na 1970 anategemea zaidi kumbukumbu za wazee ambao idadi yao inapungua kila mwaka.

4.0 Kitabu Kilichotumika Kama Ushahidi

Faida ya kwanza ya nakala kuukuu ni kutofautisha matoleo. Tafsiri ya Julius Nyerere ya mchezo wa Shakespeare ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 ilitolewa upya, ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi. Anayenukuu toleo la pili akidai kwamba hayo ndiyo maneno yaliyosomwa na watu mwaka 1963 anakosea, na kosa hilo halionekani mpaka nakala mbili ziwekwe sambamba. Nakala ya toleo la kwanza ina nafasi kubwa ya kupatikana katika sanduku la mwalimu mstaafu, kwa kuwa maduka hayana sababu ya kuweka toleo lililokwisha rekebishwa.

Faida ya pili inahusu upokezi. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, imesomwa shuleni kwa vizazi kadhaa. Nakala ambayo wahusika wake wameandikiwa majina ya wanafunzi pembeni inathibitisha kwamba darasa hilo liliigiza au lilijiandaa kuigiza. Ikiwa hotuba ndefu imekatwa kwa kalamu, hiyo ni habari juu ya uongozaji. Ikiwa mistari imepigwa tu chini ya methali na tamathali za usemi, hiyo ni habari nyingine: tamthilia ilisomwa kwa ajili ya mtihani, haikupanda jukwaani. Tofauti hii ni ya msingi kwa yeyote anayedai kwamba tamthilia fulani "ilienea". Kuuzwa, kusomwa na kuigizwa ni mambo matatu mbalimbali.

Ushahidi huu una udhaifu wake. Nakala moja haiwakilishi darasa zima, na mwandiko wa pambizoni mara nyingi hauna tarehe. Mtafiti anapaswa kuulinganisha na ushahidi mwingine, hususan mahojiano na mwenye nakala. Hapo ndipo suala la nasaba linaporejea: nakala iliyonunuliwa kwa mchuuzi asiyejua ilikotoka haina wa kuhojiwa.

5.0 Maonyesho Yasiyo na Kitabu

Sehemu kubwa ya sanaa za maonyesho nchini Tanzania haikupata kuchapishwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera zilienea shuleni na katika hafla za umma. Mathias Mnyampala alichapisha Ngonjera za UKUTA, lakini ngonjera zilizotungwa na walimu na vijana kwa ajili ya sherehe za mahali zilibaki katika madaftari. Vichekesho navyo vilitegemea ubunifu wa papo kwa papo. Vikundi vikubwa vya miaka ya 1990, kama vile Muungano na Tanzania One Theatre, viliunganisha ngoma, taarab, maigizo na sarakasi katika onyesho moja. Katika maonyesho ya aina hiyo tangazo la ukutani huweza kuwa hati pekee inayoonyesha mpangilio wa usiku mzima.

Tanga ina mfano wake katika taarab. Black Star na Lucky Star vilikuwa vikundi vilivyotamba kwa mtindo uliotumia magitaa, na nyimbo zao zilitolewa katika santuri. Mwaka 1989 baadhi ya nyimbo hizo zilikusanywa London na kutolewa upya katika albamu iitwayo Nyota. Tendo hilo liliinusuru sauti. Lakini santuri haimwonyeshi shabiki anayemtuza mwimbaji, wala haisemi nani alikaa wapi ukumbini. Hayo hutafutwa katika picha, kadi za mwaliko na daftari la mapato la chama. Sauti ikisafiri peke yake na karatasi zikabaki bila mtunzaji, historia hugawanyika mafungu mawili yasiyokutana.

Wapo wanaoweza kupinga kwamba onyesho ni tukio hai, na kwamba kulitafuta katika karatasi ni kuokota maganda baada ya tunda kuliwa. Pingamizi hilo lina ukweli: hakuna bango linaloweza kurudisha kicheko cha hadhira. Lakini hoja haikamiliki. Kumbukumbu ya mtu huhitaji kichocheo, na mzee anayeonyeshwa picha au tiketi hukumbuka mambo ambayo swali tupu halikuyaamsha. Masalia, basi, hayachukui nafasi ya masimulizi. Yanayafungulia mlango.

6.0 Maramba na Miiko ya Mkusanyaji

Maramba iko katika Wilaya ya Mkinga, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Ni nchi ya mashamba, na ina kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mkoa wa Tanga kwa jumla ulipokea vibarua wa mkonge kutoka sehemu mbalimbali, na kambi za JKT zilikutanisha vijana wa makabila mengi. Mahali pa namna hii pana uwezekano mkubwa wa kuwa na madaftari ya ngonjera, picha za vikundi vya ngoma na vitabu vya shule ambavyo havikuingia katika maktaba yoyote.

Hatari zinazovikabili ni za kawaida: mchwa, unyevu, na karatasi kugeuzwa vifungashio vya karanga. Hatari nyingine ni mkusanyaji mwenyewe. Anayefika kwa gari, akanunua sanduku zima kwa bei ya kutupa na kuondoka siku hiyohiyo, ameokoa karatasi na kuiua habari yake. Inafaa, kwa hiyo, kufuata utaratibu huu:

(a) Kitu kipigwe picha mahali kilipokutwa, kabla ya kusogezwa.

(b) Mwenyewe ahojiwe, na maelezo yake yaandikwe pamoja na tarehe.

(c) Kikitosha kunakiliwa, kinakiliwe na kurudishwa. Ununuzi uwe hatua ya mwisho.

(d) Alama za matumizi zisifutwe, wala kurasa zisikatwe kwa kisingizio cha usafi.

(e) Nakala moja ibaki mkoani, katika shule au maktaba iliyo karibu na wenye mali.

Kanuni ya mwisho ndiyo nzito zaidi. Mjukuu anayelazimika kusafiri hadi chuo kikuu, au ng'ambo, ili auone mwandiko wa babu yake amenyang'anywa kitu, hata kama fedha ililipwa. Tena kuweka kila kitu mahali pamoja si salama: ukumbi wa maonyesho wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo uliteketea kwa moto mwaka 2002, na tukio hilo latosha kuwa onyo kwa wanaoamini kwamba jengo la taasisi ni kinga kamili.

7.0 Hitimisho

Makala yamejaribu kuonyesha kwamba ukusanyaji wa vitabu vilivyotumika na masalia ya maonyesho si burudani ya wenye nafasi. Ni mbinu ya utafiti inayoweza kujibu maswali ambayo uchambuzi wa matini hauyafikii, mradi nasaba ya kila kitu ihifadhiwe pamoja nacho. Kazi hii haihitaji mitambo ya gharama. Yahitaji wanafunzi wa uzamili ambao, wanapokwenda likizo vijijini kwao, watauliza kilichomo sandukuni kabla ya kuuliza bei yake. Yusuf Ulenge alizitunza barua za ndugu yake pasipo kuagizwa na taasisi yoyote. Waliofanya hivyo kwa madaftari ya ngonjera na tiketi za taarab huenda bado wapo, lakini muda wa kuwafikia na kuwasikiliza unazidi kupungua.